Moyo Hulindwa Kuanzia Ndani ya Seli: Vipokezi vya Kiini, Chumvi na Kovu



Mhadhara huu ni jibu. Katika kongamano moja la madaktari wa moyo, mwanafunzi alisimama akamwuliza daktari bingwa, mtu ninayemheshimu sana, kama utafiti wa vipokezi vya kiini una nafasi yoyote katika kuwatibu wagonjwa wa moyo wa Afrika Mashariki. Bingwa akajibu kwamba hauna, akatoa sababu tatu. Ya kwanza: dunia imekwisha kujaribu, kwani rosiglitazoni iliingia sokoni kwa shangwe ikaondoka kwa aibu. Ya pili: kipokezi kimoja hutawala mamia ya jeni, kwa hiyo anayekigusa hajui amegusa nini. Ya tatu: moyo huuawa na mshipa ulioziba, mshipa huzibuliwa kwa mtambo, basi fedha chache tulizonazo ziende kwenye mitambo. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Jibu lile lilitolewa kwa nia njema, na hiyo ndiyo hatari yake. Kijana anayesikia neno kama hilo kutoka kwa mkubwa wake huacha njia hata kabla hajaianza. Nimeamua kutumia sehemu kubwa ya muda wangu wa leo kuzipima hoja hizo tatu, kwa sababu sijaona zikipimwa hadharani.

Msimamo wangu nautangaza mapema. Moyo ulioumia huokolewa au huangamizwa na maagizo yanayotolewa ndani ya viini vya seli zake. Kwa wagonjwa wetu wengi, ambao safari yao ilianza na presha na chumvi, kipokezi cha homoni ya aldosteroni ndicho kinachotoa maagizo ya uharibifu. Dawa ya kukifunga tunayo. Ni ya zamani, bei yake ni nafuu, na hatuitumii inavyostahili.

Tunayokubaliana

Yanayofundishwa mwaka wa kwanza nitayapita haraka. Vipokezi vya kiini ni protini zinazopokea molekuli ndogo kama homoni za steroidi, homoni ya tezi ya shingo, vitamini A na D, na asidi za mafuta. Kipokezi kikishashikana na molekuli yake hukaa juu ya DNA na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Binadamu anavyo 48. Elwood Jensen wa Chicago alionyesha kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 kwamba estrojeni hushikwa na protini maalumu ndani ya tishu. Ronald Evans na wenzake walipata jeni ya kipokezi cha glukokotikoidi mwaka 1985, na ya kipokezi cha aldosteroni mwaka 1987. Pierre Chambon wa Strasbourg alifanya kazi kama hiyo kwa kipokezi cha estrojeni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2004. Anayetaka zaidi atayapata katika kitabu chochote kizuri cha biokemia.

Hoja ya kwanza: kesi ya rosiglitazoni

Nianze na hoja iliyopigiwa makofi mengi zaidi. Rosiglitazoni ni dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999. Huamsha kipokezi kiitwacho PPAR-gama, na kwa kufanya hivyo huifanya insulini ifanye kazi vizuri zaidi. Mwaka 2007 Steven Nissen na Kathy Wolski waliunganisha matokeo ya majaribio 42 wakaona kwamba uwezekano wa shambulio la moyo uliongezeka kwa asilimia 43 kwa waliopewa dawa hiyo. Mwaka 2010 Ulaya iliisimamisha, na Marekani ikaibana kwa masharti makali. Hapo ndipo wengi walipofunga jalada.

Mimi nawaomba tulifungue. Ushahidi ulioihukumu rosiglitazoni ulikuwa na sehemu mbili, nazo hazina uzito sawa. Sehemu ya mashambulio ya moyo ilitetereka: jaribio la RECORD, lililowahusisha wagonjwa 4,447 na kuchapishwa mwaka 2009, halikuonyesha ongezeko la jumla la vifo vya moyo, na baada ya matokeo yake kupitiwa upya Marekani iliondoa sehemu kubwa ya masharti yake mwaka 2013. Sehemu ya pili ilibaki imara: waliotumia dawa hiyo walipata tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi mara mbili ya wenzao. Swali la mtafiti ni hili: je, ni moyo uliodhurika, au kuna kiungo kingine kilichoutwisha moyo mzigo?

Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa miaka miwili kabla ya kesi kuanza. Mwaka 2005 vikundi viwili vya watafiti nchini Marekani, kila kimoja kikifanya kazi kivyake, vilizalisha panya wasiokuwa na PPAR-gama katika mirija ya mwisho ya figo pekee. Mwilini kwingine kote kipokezi kilikuwepo. Panya wa kawaida walipopewa dawa za kundi hili walihifadhi chumvi na maji, wakaongezeka uzito. Wale waliokosa kipokezi katika figo walikingwa kwa sehemu kubwa. Sodiamu ilirudishwa mwilini kupitia figo, maji yakaifuata, na moyo uliokuwa dhaifu tayari ukalemewa. Anayesema kwamba rosiglitazoni ilithibitisha ubaya wa vipokezi vya kiini kwa moyo analaumu mwathirika kwa kosa lililofanyika figoni.

Kuna jambo zito zaidi. Pioglitazoni huamsha kipokezi kilekile. Katika jaribio la PROactive la mwaka 2005, lenye wagonjwa 5,238 wa kisukari, lengo kuu halikufikiwa, ingawa vifo, mashambulio ya moyo na viharusi vikijumlishwa vilipungua. Mwaka 2016 jaribio la IRIS liliwachukua watu 3,876 waliokuwa wamepata kiharusi na ambao hawakuwa na kisukari ila insulini yao haikufanya kazi vizuri. Waliopata kiharusi kingine au shambulio la moyo walikuwa asilimia 9.0 kwa waliomeza pioglitazoni, na asilimia 11.8 kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kipokezi ni kimoja, dawa ni ndugu, na matokeo yanapishana. Sababu ni kwamba kila molekuli hukipinda kipokezi kwa namna yake, kikaita wasaidizi tofauti, na jeni zinazosomwa zikatofautiana. Hukumu iliyotolewa kwa molekuli moja haiwezi kutumika kuifunga familia nzima ya vipokezi 48.

Haki inanidai nimtajie mpinzani wangu ushahidi ambao yeye hakuutaja. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa afya ya wanawake nchini Marekani, wenye wanawake 16,608 waliokuwa bado na kizazi chao, ulisimamishwa. Wanawake hao walikuwa wakipewa estrojeni pamoja na projestini kwa matumaini kwamba homoni zingelinda moyo, na badala yake maradhi ya moyo yaliongezeka. Huo ni ushahidi mzito kuliko wa rosiglitazoni. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamefunga hedhi zaidi ya miaka kumi kabla, na mishipa yao imekwisha kubadilika. Naongeza pia jaribio la PROMINENT la mwaka 2022, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000: kuamsha PPAR-alfa kwa pemafibrati kulishusha mafuta ya damu lakini hakukupunguza mashambulio ya moyo. Ninayaweka yote mezani. Yanachofundisha ni kwamba *kuamsha* kipokezi kwa kila mtu, katika kila kiungo, wakati wowote, ni mkakati mbovu. Hayasemi lolote dhidi ya *kukifunga* kipokezi kinachodhuru, kwa mgonjwa anayejulikana, kwa dozi ndogo.

Hoja ya pili: mamia ya jeni

Ni kweli kwamba kipokezi kimoja hutawala jeni nyingi. Lakini hoja hii inachukulia kwamba kipokezi hutoa amri ileile kila mahali na kila saa. Mifano miwili inatosha kuikanusha.

Wa kwanza ni wa saa. Kipokezi kiitwacho Rev-erb-alfa huongezeka na kupungua katika moyo kwa mzunguko wa usiku na mchana. Mwaka 2018 madaktari wa Lille, Ufaransa, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 596 waliobadilishiwa vali ya moyo, nusu asubuhi na nusu alasiri. Katika miezi iliyofuata, matatizo makubwa ya moyo yaliwapata 54 kati ya wa asubuhi na 28 kati ya wa alasiri. Watafiti walirudi maabara wakakuta kwamba tishu za moyo zilizochukuliwa alasiri zilistahimili zaidi ukosefu wa oksijeni, na kwamba kwa panya kukizuia Rev-erb-alfa kulipunguza jeraha. Mgonjwa yuleyule, kisu kilekile, na hatima inaamuliwa kwa sehemu na kipokezi cha kiini.

Wa pili ni wa mahali, na huu nitauchambua zaidi kwa sababu ndio moyo wa mhadhara wangu. Kipokezi cha aldosteroni hakibagui. Kinashika aldosteroni, na kinashika homoni nyingine, kotisoli, kwa nguvu ileile. Kotisoli katika damu ni nyingi kuliko aldosteroni kwa mara mia na zaidi. Kwa hesabu hiyo aldosteroni haikupaswa kamwe kupata nafasi. Mwaka 1988 kikundi cha John Funder wa Australia na kikundi cha Christopher Edwards wa Edinburgh vilieleza inavyoipata: figoni kuna kimeng'enya kinachosimama kama bawabu mlangoni, kikiigeuza kotisoli kuwa kotisoni, ambayo haiwezi kuingia. Anayekula kwa wingi ule mzizi mtamu wa kutengenezea peremende humlaza bawabu huyo; presha hupanda na potasiamu hushuka, ingawa aldosteroni yenyewe iko chini.

Sasa ingieni katika moyo. Seli za misuli ya moyo zina kipokezi hicho, lakini bawabu hayupo au ni dhaifu mno. Kipokezi cha moyo kimejaa kotisoli muda wote. Moyo ukiwa mzima, kotisoli hiyo imekaa kimya. Moyo ukijeruhiwa, hali ya kemia ndani ya seli inabadilika, na kotisoli ileile inaanza kutenda kama aldosteroni. Mwaka 2009 Anastasia Mihailidou, Funder na wenzao walionyesha katika mioyo ya panya kwamba aldosteroni na kotisoli zote mbili zilipanua jeraha la shambulio la moyo, na kwamba spironolaktoni, dawa ya kukifunga kipokezi hicho, ililipunguza. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na aldosteroni ya kawaida kabisa katika damu, na moyo wake ukawa unaharibiwa kupitia kipokezi cha aldosteroni. Anayesubiri kipimo cha damu kimwambie homoni imepanda atasubiri bure.

Uharibifu wenyewe ni kovu. Kipokezi hiki kikiwa kimeamshwa, seli za kinga huitwa, seli zinazosuka nyuzi hutandaza kolajeni kati ya misuli, ukuta wa moyo unakakamaa, na umeme wa moyo hupita kwa kupindapinda. Panya walioondolewa kipokezi hiki katika misuli ya moyo pekee, au katika seli za kinga pekee, walipata kovu dogo au moyo wao ukabaki na nguvu zaidi. Kipokezi kinagusa mamia ya jeni, naam. Jeni hizo zikisomwa kwa pamoja zinatengeneza kovu. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kukilenga.

Hans Selye na panya wa Montreal

Hapa naomba ruhusa yenu nikae kidogo na mtu ambaye vitabu vya leo vinamtaja kwa jambo jingine kabisa. Hans Selye alizaliwa Vienna mwaka 1907, akahamia Montreal, na dunia inamkumbuka kwa neno msongo. Mimi namkumbuka kwa kitabu alichokichapisha mwaka 1958 kuhusu kuzuia kufa kwa misuli ya moyo kwa njia za kemikali. Nilikikuta katika ghala la maktaba ya chuo nilikosomea uzamivu, karatasi zake zimeanza kugeuka rangi. Nilikiazima, nikakirudisha, nikakiazima tena.

Tangu miaka ya 1940 Selye alikuwa amewapa panya homoni ya steroidi iitwayo deoksikotikosteroni pamoja na maji ya chumvi, akaona presha ikipanda, figo zikiharibika na moyo ukiumia. Jambo linalonishangaza hadi leo ni uangalifu wake kuhusu chumvi. Alirudia jaribio kwa kubadili kitu kimoja kimoja, na akaonyesha kwamba steroidi na sodiamu hufanya uovu vikikutana. Kimoja bila kingine hakikutosha, au kilifanya madhara madogo. Kisha akageuza swali. Badala ya kuuliza kinachoua misuli ya moyo, aliuliza kinachoizuia isife. Aliwapa panya kloridi ya potasiamu na kloridi ya magnesi, na misuli ikanusurika. Aliona kwamba madini ya chumvi na homoni yanazungumza lugha moja ndani ya seli, miongo mitatu kabla ya mtu yeyote kuishika jeni ya kipokezi kinachoyaunganisha.

Aldosteroni yenyewe ilikuwa imetenganishwa mwaka 1953 na Sylvia Simpson na James Tait wa London wakishirikiana na Tadeus Reichstein wa Basel. Dawa za kuizuia, za kundi la spirolaktoni, zilipatikana kuelekea mwisho wa muongo huo, na madaktari wakazipokea kama dawa za kupunguza maji. Selye aliziona kwa jicho jingine. Mwaka 1960 alichapisha taarifa fupi sana katika jarida la chama cha baiolojia na tiba ya majaribio, akieleza kwamba spirolaktoni iliwakinga panya dhidi ya aina fulani za kufa kwa misuli ya moyo. Somo lilikuwa limeandikwa: kifunge kipokezi, na moyo utalindwa, hata pale ambapo hakuna maji ya kupunguza.

Taarifa hiyo ilisubiri miaka 39. Ninaisoma na wanafunzi wangu kila mwaka, sentensi kwa sentensi, ili waone kwamba jambo linaweza kuwa limethibitishwa mezani na bado lisifike kitandani kwa mgonjwa, kwa sababu tu waliosoma waliliweka katika kundi la dawa za mkojo.

Kutoka panya hadi wodi

Mwaka 1999 Bertram Pitt na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la RALES. Wagonjwa 1,663 wenye moyo ulioshindwa kwa kiwango kikali waligawanywa: nusu walipewa spironolaktoni, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku, na nusu vidonge visivyo na dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno. Katika kundi lisilopewa dawa walikufa asilimia 46; katika kundi la spironolaktoni asilimia 35. Dozi hiyo ni ndogo, na kwa watafiti waliobuni jaribio haikukusudiwa kuwa ya kuwakojoza wagonjwa. Uchunguzi wa ziada wa wagonjwa 261 ulionyesha kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao damu yao ilikuwa na dalili nyingi za usukaji wa kolajeni. Selye alikuwa amesema kweli.

EPHESUS ya mwaka 2003, yenye wagonjwa 6,632 waliopata shambulio la moyo lililoudhoofisha moyo, ilipunguza vifo kwa asilimia 15 kwa kutumia eplerenoni, dawa nyingine ya kukifunga kipokezi hicho. EMPHASIS-HF ya mwaka 2011 iliendeleza hilo kwa wenye dalili nyepesi. FINEARTS-HF ya mwaka 2024, kwa kutumia finerenoni, ya kundi hilohilo, kwa wagonjwa 6,001 ambao moyo wao unasukuma damu vizuri au karibu vizuri lakini umekakamaa, ilipunguza kuzidiwa na vifo vya moyo vikijumlishwa. Narudia kwa ajili ya bingwa aliyesema dunia imejaribu ikashindwa: kipokezi cha aldosteroni ni kipokezi cha kiini. Kila daktari anayeandika spironolaktoni anafanya tiba ya vipokezi vya kiini.

Hoja ya tatu: mshipa na mtambo

Mtambo wa kuzibua mishipa unaokoa maisha, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imeonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana hapahapa Dar es Salaam. Simpingi mtu anayenunua mtambo. Ninampinga anayedai kwamba mtambo ndio jibu la wagonjwa waliojaa katika wodi zetu.

Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusisha wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Presha ilikuwa chanzo kwa asilimia 45. Mishipa ya moyo iliyoziba kwa asilimia 9. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012, uliochukua wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulipata sura ileile: wastani wa miaka 52, presha asilimia 45, mishipa iliyoziba chini ya asilimia 8. Nakubali kwamba pasipo na kipimo cha mishipa, mshipa ulioziba hukosa kuhesabiwa, na idadi hiyo itapanda kadiri maisha ya mijini yanavyobadilika. Hata tukiizidisha mara mbili, presha inabaki mbele kwa mbali.

Na moyo wa presha ni moyo gani? Ni ukuta ulionenepa, uliosukwa nyuzi za kolajeni, katika mwili ambao mara nyingi huhifadhi chumvi huku renini ikiwa chini. Ni panya wa Selye. Katika PATHWAY-2 ya mwaka 2015, wagonjwa wa Uingereza ambao presha yao ilikataa dawa tatu walijaribiwa dawa mbalimbali za nyongeza, na spironolaktoni ikazishinda zote. Tusisahau pia kwamba ugonjwa wa kovu la utando wa ndani wa moyo ulielezwa Kampala na J. N. P. Davies mwaka 1948. Ukanda huu unajua kovu la moyo kwa muda mrefu. Mtambo hauzibui kovu.

Vizuizi vya kweli

Yapo yanayopinga msimamo wangu, nami nitayapima. TOPCAT ya mwaka 2014, yenye wagonjwa 3,445 wenye moyo uliokakamaa, haikufikia lengo lake. Baadaye damu ya baadhi ya washiriki ilipimwa, ikaonekana kwamba kati ya wagonjwa wa Urusi waliosema wanameza dawa, asilimia 30 hawakuwa na chembe ya dawa hiyo katika damu; Marekani na Kanada walikuwa asilimia 3. Dawa isiyomezwa haiwezi kufunga kipokezi. CLEAR SYNERGY, iliyotangazwa mwaka 2024 ikiwa na wagonjwa 7,062 waliozibuliwa mishipa baada ya shambulio la moyo, haikuonyesha faida ya kuwapa wote spironolaktoni. Hilo nalikubali lilivyo. Wagonjwa hao wengi walikuwa na moyo unaosukuma vizuri na kovu dogo, wakiwa wamewahiwa na mtambo. Jaribio hilo linatuchorea mpaka: palipo na kovu linalosukwa, kipokezi kina la kujibu, pasipo nalo, dawa haina kazi.

Kizuizi kikubwa kwetu ni potasiamu. Spironolaktoni huipandisha, na ikipanda mno moyo husimama. Huko Ontario, Kanada, baada ya RALES madaktari waliiandika dawa hii kwa wingi, na kulazwa kwa sababu ya potasiamu kukaruka kutoka wagonjwa 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11.0 mwaka 2001. Wengine wanaitumia takwimu hiyo kusema dawa isivuke lango la hospitali ya rufaa.

Mama mdogo wangu, aliyeuza papa wa chumvi katika mji mdogo wa pwani kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, aliishi na moyo uliotanuka kwa presha. Alikuwa akimeza dawa ya kupunguza maji, Lasix, miguu inavimba na kunywea, inavimba na kunywea. Alipoanzishiwa spironolaktoni, damu yake ilisafirishwa kwa gari barabara ya vumbi ikapimwe mjini. Majibu yakaja na potasiamu ya 6.8. Dawa ikasimamishwa, familia ikaanza kupigiana simu. Damu ilipochukuliwa upya palepale penye mashine, potasiamu ilikuwa 4.6. Seli nyekundu zilikuwa zimepasuka njiani na kumwaga potasiamu yao ndani ya kichupa. Alirudishiwa dawa, akaishi miaka mingine, na akaacha kula papa aliowauza, jambo lililomwuma kuliko ugonjwa.

Kutoka Ontario na kutoka kwa mama mdogo napata fundisho moja. Hatari ya dawa hii inapimika, na kipimo chake ni cha bei ndogo kuliko mtambo wowote. Potasiamu na kreatinini kabla ya kuanza, baada ya wiki moja, baada ya mwezi, kisha kwa vipindi, dozi ndogo, tahadhari kwa mwenye figo dhaifu, na kumweleza mwanamume mapema kwamba huenda matiti yakauma au kuvimba, kwani katika RALES mmoja kati ya kumi yalimpata hayo.

Ninachodai

Nimepima kadiri nilivyoweza, na imani yangu imebaki pale ilipokuwa. Kipokezi cha aldosteroni ndicho kipokezi cha kwanza kwa moyo wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo nadai mambo matatu.

La kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na mashine ya kupima potasiamu papo hapo, na vitendanishi visivyokatika. Mashine isiyo na vitendanishi haimsaidii mgonjwa yeyote. La pili, mgonjwa wa moyo ulioshindwa kusukuma damu asiruhusiwe kutoka wodini na Lasix peke yake wakati figo na potasiamu yake vinaruhusu spironolaktoni. Spironolaktoni imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Hakuna sababu ya kuichukulia kama dawa ya wachache.

La tatu ni kwa watafiti. Wagonjwa wa RALES wengi mno walikuwa Wazungu, na wengi walikuwa na mishipa iliyoziba. Tunahitaji jaribio letu, kwa moyo ulionenepa kwa presha kabla haujashindwa, Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Kampala kwa pamoja, likipima kovu kwa eko na kwa alama za kolajeni katika damu, likipima chumvi katika mkojo, na likihesabu waliokufa na waliolazwa. Likionyesha kwamba nimekosea kuhusu moyo wa presha, nitayachapisha matokeo hayo kwa jina langu. Likionyesha kwamba nimesema kweli, tutaanza kuwatibu watu wa miaka 50 kabla kovu halijawaweka kitandani. Mapendekezo ya jaribio hilo nimeyakabidhi kwa Rasi wa Ndaki ya Tiba wiki hii, na nafasi tatu za wanafunzi wa uzamivu ziko wazi kuanzia sasa.